Barabara ya Mto Columbia

Barabara huweza kufa bila ya kuwa na adui. Ushahidi wa neno hili umo katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako mto Columbia umepenya milima ya Cascade katikati ya magenge marefu na maporomoko mengi ya maji.

Ujenzi wa barabara hiyo ulianza mwaka 1913 na kukamilika mwaka 1922. Injinia wake, Samuel Lancaster, alikuwa amezitazama njia za milimani za Ulaya pamoja na tajiri Samuel Hill. Hakutaka kuishinda nchi, bali kuifuata. Mwinuko haukuzidi futi 5 katika kila futi 100 za mwendo, na njia ilipindishwa ili msafiri ayaone maporomoko. Mahali paitwapo Mitchell Point, handaki lilitobolewa mwambani, likapewa madirisha 5 ya kutazamia mto.

Lakini motokaa zilizidi wingi na kasi, na malori yakawa makubwa. Njia nyembamba yenye kona nyingi ikawa kero. Basi njia kuu, pana na iliyonyoka, ilijengwa chini kandokando ya maji. Kila hatua ilikuwa na hoja yake, wala hoja hizo hazikuwa za kipuuzi, kwani mizigo haina budi kusafiri. Hata hivyo, barabara ya zamani ilikatwa vipande vipande. Mahandaki ya Mosier yalijazwa vifusi, na mwaka 1966 handaki la Mitchell Point lilibomolewa ili njia kuu ipanuliwe.

Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulihifadhi bonde hilo, na jimbo likaagizwa kuviunganisha vipande vilivyosalia viwe njia ya waendao kwa miguu na baiskeli. Mahandaki ya Mosier yalizibuliwa na kufunguliwa tena mwaka 2000. Mitchell Point palikuwa na kazi ngumu zaidi, maana hapakuwa na kitu cha kuzibua. Ilibidi mwamba utobolewe upya, na handaki jipya, lenye madirisha 5 kama la kwanza, likafunguliwa mwaka 2025.

Tofauti ya sehemu hizo mbili ndiyo mafunzo yenyewe. Kilichofukiwa kilifukuliwa, kikarudi kuwa kile kile; kilichobomolewa kilingojewa miaka 59, na kilichopatikana ni mfano wake tu. Wajenzi wa njia kuu wakilazimika kuiacha njia ya kale, na waiache ikiwa nzima.