Mtumwa Akawa Siti

Binti yangu ana siku sita. Kesho ya saba lazima apate jina. Mama, hapa Tabata, anataka arithi la bibi yangu: Mtumwa. Jamani, mtoto wa mjini aende nalo shule? Nikamkumbusha yule mwimbaji wa Fumba, Unguja. Naye alizaliwa akaitwa Mtumwa. Ukubwani akapewa lakabu ya Siti, yaani bibi wa heshima, na ndilo jina alilokwenda nalo Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za taarabu. Jina la kati halina ubishi, kwetu ni la baba: yeye binti Saad, huyu atabeba langu.

Mama kanyamaza, kisha: "Bibi yako nani alimpa lakabu?"

Hapo nikakwama. Kwenye fomu nimeandika Siti. Mama anamwita Mtumwa.