Programu Ikiganda: Namna ya Kumwonyesha Mtumiaji Kazi Imefikia Wapi

Leo siasa naziweka pembeni kidogo. Hii ni ya wale mnaojifunza kutunga programu wenyewe kama mimi. Shule niliishia kidato cha nne, na haya mengi nimeyajua baada ya kuumbuka.

Kuumbuka kwenyewe kulikuwa hivi. Niliandika kijiprogramu cha chama kimoja cha kuweka na kukopa. Kazi yake ilikuwa kusoma faili la michango ya mwezi na kuingiza kila mstari kwenye hifadhidata. Nyumbani nilijaribu na mistari 20, ikaenda chapchap. Faili lao likawa na mistari 4,000 na ushee! Dada karani alipobonyeza "Ingiza", dirisha likaganda, likapauka, juu yakatokea maneno "Not Responding". Akasubiri wee, mwisho akaifunga kwa nguvu na kuanza upya.

Kumbe haikufa. Ilikuwa inachapa kazi kimyakimya na ilishafika katikati. Nusu ya wanachama wakaingiziwa michango mara mbili. Tulikaa siku mbili na stakabadhi za karatasi tukisahihisha, na aliyefokewa ni yeye, wakati kosa lilikuwa langu mimi.

Kwa nini inaganda?

Ndani ya programu kuna kitu kinaitwa uzi, yaani mfululizo wa amri zinazotekelezwa moja baada ya nyingine. Programu moja inaweza kuwa na nyuzi nyingi. Kwenye Windows, uzi uliotengeneza dirisha ndio unaohudumia foleni ya dirisha hilo: kubonyezwa kwa kipanya, herufi zinazoandikwa, maombi ya kuchora upya. Ukiupa uzi huo kazi ya dakika tatu, foleni nzima inasimama. Zikipita sekunde 5 bila foleni kuguswa, Windows inaihesabu programu kuwa haijibu.

Ndo maana hata ukiweka ule mstari unaojaa asilimia, hausogei inavyotakiwa. Anayepaswa kuuchora ndiye huyohuyo yuko bize.

Chukulia daladala. Dereva akianza kukusanya nauli mwenyewe, lazima gari lisimame. Kwa hiyo kuna konda. Konda anakusanya, dereva macho barabarani. Lakini konda hashiki usukani wala hakanyagi breki. Akitaka gari lisimame anagonga bati, dereva anasikia, anasimamisha yeye.

Kanuni yetu ni hiyohiyo: kazi ndefu iende kwenye uzi wa nyuma, na uzi huo usiguse dirisha. Unatuma taarifa tu, uzi wa dirisha unachora.

Vifaa vya kugongea bati

1. BackgroundWorker (C# na VB.NET, ilikuja na .NET 2.0 mwaka 2005, na mpaka leo ipo). Kazi ndefu inakaa kwenye DoWork. Humo unaita ReportProgress, na tukio la ProgressChanged linapokelewa kwenye uzi wa dirisha. Usisahau kuweka WorkerReportsProgress iwe true, la sivyo ukiita ReportProgress inakurushia kosa. Hilo limenilia usiku mzima.

2. Progress<T> (tangu .NET 4.5, mwaka 2012). Hii ndiyo natumia sasa, pamoja na async, await na Task.Run. Kitu hicho kitengeneze ukiwa kwenye uzi wa dirisha, maana kinakumbuka kilipozaliwa na taarifa kinazirudisha hukohuko.

3. SwingWorker (Java 6, mwaka 2006). Kazi inakaa kwenye doInBackground, unatuma kwa publish, unapokea kwenye process.

Ukikaidi ukaandika kwenye dirisha la Windows Forms kutoka uzi wa nyuma, ndani ya Visual Studio utarushiwa InvalidOperationException. Ukishampelekea mteja inaweza kupita kimya, kisha ikakuharibikia siku usiyoitegemea.

Kuna na njia ya mkato, Application.DoEvents. Inafanya dirisha lipumue katikati ya kazi, lakini mtumiaji anaweza kubonyeza "Ingiza" mara ya pili wakati ya kwanza haijaisha. Mnaona inakotupeleka? Michango mara mbili tena!

Mambo ya kuzingatia

Usitume taarifa kwa kila mstari. Taarifa maelfu kwa mpigo zinajaza foleni, dirisha linaganda upya. Tuma asilimia ikibadilika tu, au mara chache kwa sekunde.

Zima kitufe kazi ikianza, kiwashe ikiisha.

Weka "Sitisha". Uzi wa nyuma usiuue kwa nguvu. Uache wenyewe uangalie kila baada ya mistari kadhaa kama umeombwa usimame, kisha usimame kwa adabu. Kwenye BackgroundWorker unaita CancelAsync, na kule ndani unaangalia CancellationPending.

Makosa ya uzi wa nyuma yasimezwe. Angalia e.Error kwenye RunWorkerCompleted kabla ya kuandika "Imekamilika".

Na kubwa kuliko yote: uingizaji wote uwe muamala mmoja wa hifadhidata. Iingie yote au isiingie hata mstari. Hata umeme ukikatika katikati, mchango wa mtu hauwi nusu wala mara mbili.

Asilimia nayo iwe ya kweli. Mtafiti Brad Myers alionyesha tangu mwaka 1985 kwamba watu wanapenda kuonyeshwa kazi imefikia wapi. Lakini mstari unaofika 99 na kukaa hapo dakika nzima ni uongo, na mtumiaji akishakudharau ataifunga tu. Kama hujui jumla, onyesha idadi iliyokwisha.

Kijiprogramu changu sasa kinaandika "1,250 kati ya 4,112" na namba zinapanda. Muda wa kuingiza ni uleule, sijaongeza kasi hata kidogo. Ila dada karani anabonyeza na kuendelea na wateja wake, na hajaifunga tena katikati. Kumbe alichokuwa anahitaji ni kuambiwa tu.

Mwenye swali au njia nzuri zaidi ashushe maoni hapo chini, ataje na lugha anayotumia. Wa Python na Qt, nawasubiri. Tupo pamoja.