Konde la Broadbalk na Mbolea Zake

Wabishanao juu ya samadi na mbolea ya chumvichumvi aghalabu hupima nafaka ghalani, wasiutazame udongo. Kwa hiyo yafaa tuliangalie konde la Broadbalk, huko Rothamsted, Uingereza, ambako John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert walianza kupanda ngano mwaka 1843, na upimaji haujakoma.

Konde liligawanywa vipande virefu. Kimoja hakitiwi mbolea yo yote. Kimoja hutiwa samadi ya ng'ombe, tani 35 kwa hekta kila mwaka. Vingine hutiwa chumvi za naitrojeni, fosforasi na potasi. Lawes mwenyewe alikuwa mtengenezaji wa mbolea, naye alipata haki ya serikali juu ya ufundi wake mwaka 1842. Walakini samadi aliipa nafasi yake.

Je, ipi ilishinda? Kwa muda wa miaka zaidi ya 100 mavuno yalikaribiana. Hata kipande kilichonyimwa vyote kimezidi kutoa tani moja hivi kwa hekta. Lakini udongo wasema mengine: penye samadi mboji imezidi maradufu kuliko pasipo kitu, na penye chumvi imezidi kidogo tu, nayo ni kwa ajili ya wingi wa mizizi na mabua. Tena, mbegu mpya za bua fupi zilipoletwa mwaka 1968, mavuno makubwa kabisa yalionekana mara nyingi palipotiwa samadi pamoja na naitrojeni.

Wapenda samadi wasishangilie upesi: katika mifereji iliyo chini ya konde, maji ya kipande cha samadi huchukua naitreti nyingi kuliko ya chumvi zilizotiwa kwa kiasi.