Matiti ya wanaume: kisu cha kale na wapasuaji wa Kilimanjaro

Mwaka 1956, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wapasuaji watatu walikaa pamoja kupanga namna ya kuwafikishia matibabu watu wa vijijini wasio na barabara. Michael Wood, Mwingereza, alikuwa akifanya kazi Nairobi. Archibald McIndoe wa New Zealand alikuwa amejipatia jina kwa kuunda upya nyuso za marubani walioungua vitani. Wa tatu, Tom Rees, alikuwa Mmarekani. Mwaka uliofuata ilizaliwa huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo tunaijua kwa jina la Amref.

Kila hadithi hiyo inaposimuliwa, ndege ndizo hubeba sifa zote. Fani ya watu wale, upasuaji wa kurekebisha maumbile, huachwa kando, ingawa McIndoe na Rees walichapisha pamoja, mwaka 1958, makala ya kitabibu kuhusu upasuaji wa kurekebisha matiti. Fani hiyohiyo hutibu na wanaume walioota matiti, na wengi hudhani kuwapasua ni urembo wa watu wa mjini wenye fedha za kuchezea. Kumbe ni kazi kongwe kuliko hospitali zetu zote.

Katika karne ya 7, Paulo wa Aegina, tabibu aliyefanya kazi Aleksandria, aliieleza hatua kwa hatua. Kata chini ya titi kwa umbo la mwezi mwandamo, bandua ngozi, toa mafuta, shona. Titi likiwa kubwa hata likaning'inia, kata miezi miwili inayokutana nchani, uondoe na ngozi iliyo katikati. Sababu hakuificha: hali hiyo humtia mwanaume aibu ya kufananishwa na mwanamke, kwa hiyo inastahili kutibiwa. Kiasi cha mwaka 1000, al-Zahrawi wa Kurtuba, Hispania ya Waislamu, aliiandika tena katika kitabu chake, Al-Tasrif, kilichokuja kutafsiriwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi. Mgonjwa wa zama hizo alilala mezani akiwa macho, maana nusu kaputi ya etha ilionyeshwa hadharani mwaka 1846 tu. Aibu hiyo lazima ilikuwa nzito.

Kovu ndilo lililobaki tatizo. Mwaka 1946 Jerome Webster wa New York alieleza mkato wa nusu duara ndani ya sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, ambako kovu hujificha. Miaka ya 1980 ukaongezeka mrija wa kunyonya mafuta, ulioboreshwa na Yves-Gérard Illouz wa Paris. Mafuta hunyonyeka, lakini tezi ngumu iliyo nyuma ya chuchu kwa kawaida huhitaji kisu.

Moshi, chini ya Kilimanjaro, ilipata Hospitali ya KCMC mwaka 1971, ikaongezeka kwenye hospitali ya Mawenzi ya katikati ya mji. Kwa mpasuaji wa hapa, swali la kwanza ni chanzo. Kijana aliyebalehe mara nyingi huambiwa asubiri, maana uvimbe wake huisha wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Mzee anaulizwa dawa zake za moyo, kwa kuwa spironolactone inajulikana kwa jambo hili. Ini lililochakazwa na pombe nalo husababisha, iwe mbege au konyagi.

Kisha kuna efavirenz. Kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya kidonge kimoja cha kila siku walichomeza maelfu ya Watanzania wanaoishi na VVU, hadi dolutegravir ilipoanza kuchukua nafasi yake mwaka 2019. Iliokoa maisha, na baadhi ya wanaume ikawaotesha matiti. Kwa mwanaume anayeficha hali yake, hilo ni zito mara mbili: shati linaanza kusema alichokinyamazia. Wengine hupona dawa ikibadilishwa. Uvimbe uliokaa zaidi ya mwaka hugeuka makovu yasiyoyeyuka kwa kidonge, na hapo ndipo chumba cha upasuaji kinapohitajika.

Kinachotolewa hakitupwi, hupelekwa maabara. Mwanaume naye hupata saratani ya matiti, ingawa duniani ni kama mmoja katika kila wagonjwa 100 wa saratani hiyo. Uvimbe wa upande mmoja, mgumu, usiouma, au chuchu inayotoa damu, haungoji miaka miwili ya kubalehe wala kubadilishiwa dawa.