Chuo Kikuu cha St Petersburg na Nyumba Zake Kumi na Mbili

Anayetembea kando ya mto Neva anaweza kulipita jengo kuu la Chuo Kikuu cha St Petersburg bila kulitambua. Kinachouelekea mto ni ubavu wake tu, mwembamba, usio na makuu. Akishakata kona ndipo anapouona ukuta mwekundu wenye nguzo nyeupe, ukinyooka kwa karibu mita 400.

Wenyeji wana kisa chao juu ya ubavu huo. Inasemekana Tsar Peter Mkuu alimwachia swahiba wake Menshikov kusimamia ujenzi, akamwahidi kiwanja chochote kitakachobaki ufukweni. Menshikov, ambaye sifa ya uroho hakusingiziwa, akaligeuza jengo ili abakiwe na kiwanja kikubwa. Kisa kitamu, ila hakisimami: kasri lake lilianza kujengwa 1710, miaka 12 kabla ya jengo hili, na jengo lenyewe linatazama mahali palipopangwa kuwa uwanja mkuu wa mji mpya.

Tena halikujengwa kwa ajili ya wanafunzi. Domenico Trezzini, msanifu kutoka Uswisi, alichora nyumba kumi na mbili zinazofanana, za ghorofa zilezile, zimebanana bega kwa bega, kila moja na paa lake. Kumi zilikuwa za kolejia, yaani wizara za enzi hizo, na mbili za Seneti na Sinodi ya kanisa. Kazi ilianza 1722. Trezzini akafariki 1734, na ujenzi ukakamilika 1742, Peter mwenyewe akiwa kaburini miaka 17. Upande wa nyuma kulikuwa na baraza refu la matao, la chini na la juu, la kumwezesha karani kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Chuo kina umri gani, basi? Hapo ndipo ugomvi ulipo. Mwaka 2024 kiliadhimisha miaka 300, kikihesabu tangu amri ya Peter ya 1724 iliyoanzisha Akademia ya Sayansi pamoja na chuo chake. Moscow, iliyopata chuo kikuu 1755, haikubali. Chuo cha Akademia, inasema, kilikuwa na wanafunzi wa kuhesabika, kikazimika. Cha sasa kimezaliwa 1819, kutokana na Taasisi Kuu ya Ualimu. Nikiulizwa mimi, hoja ya Moscow ina uzito. Jambo la kuchekesha ni kwamba Mikhail Lomonosov, ambaye Moscow inamwenzi kama mwasisi wake, alipita kwanza katika chuo hichohicho cha Akademia kama mwanafunzi, na baadaye akakisimamia.

Kolejia zilipochukuliwa nafasi na wizara mwanzoni mwa karne ya 19, nyumba zile zilihitaji mpangaji. Miaka ya 1830 msanifu Apollon Shchedrin alizikarabati, na 1838 chuo kikahamia. Lile baraza la juu lilizibwa kwa vioo, likawa ushoroba maarufu kuliko darasa lolote la chuo: upande mmoja madirisha, upande wa pili makabati ya vitabu na picha za wasomi, ukiukanyaga mwanzo hadi mwisho ni mwendo wa dakika kadhaa.

Ndani ya jengo hilihili Dmitri Mendeleev aliishi na familia yake tangu 1866. Hapa ndipo alipopanga jedwali la elementi, 1869, na meza ndefu aliyokuwa akiandikia wima ingalipo katika nyumba yake, ambayo sasa ni makumbusho. Mwaka 1890 alipeleka malalamiko ya wanafunzi kwa waziri wa elimu. Waziri akayakataa, naye Mendeleev akaacha kazi. Mwanafiziolojia Ivan Pavlov alisoma hapa pia, na Lenin alifanya mitihani yake ya sheria 1891 kama mtahiniwa wa nje.

Karne ya 20 haikukihurumia chuo. Mji ulipozingirwa na majeshi ya Ujerumani, chuo kilihamishiwa Saratov 1942. Aliyekiongoza wakati huo, Aleksandr Voznesensky, aliuawa 1950 na serikali yake mwenyewe katika kesi ya Leningrad, jina la mji huu enzi za Kisovieti, iliyowaangamiza viongozi wake. Kwa miaka zaidi ya 40 chuo kikabeba jina la Zhdanov, kiongozi wa Kikomunisti, hadi 1989.

Sisi Waswahili tuna mtu wetu humo. Dmitri Olderogge, mhitimu wa 1925, ndiye aliyeijenga idara ya masomo ya Kiafrika na kufundisha Kiswahili katika mji ambao mto huganda miezi kadhaa kila mwaka. Kamusi ya Kiswahili-Kirusi iliyohaririwa chini yake ilitoka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, na wakalimani Warusi waliokuja kwetu baadaye walikuwa tayari na kitabu cha kushika mkononi.