Kutwa Moja Bumbire, 1875

Sisi wa Biharamulo tukilitaja Ziwa Viktoria, twataja samaki na meli. Bumbire, kisiwa kilichomo leo katika wilaya jirani ya Muleba, hatukitaji sana. Hata hivyo, kutwa moja iliyopita katika ufuo wake imebeba maneno matatu ambayo mpenzi wa Kiswahili hana budi kuyapima upya: mgeni, shauri na mwungwana.

Tarehe 28 Aprili 1875, Henry Morton Stanley alifika hapo kwa mashua yake, Lady Alice, akitoka kwa Kabaka Mutesa. Mabaharia wake walikuwa kumi na mmoja, na nahodha wao aliitwa Wadi Safeni. Walikuwa na njaa, wakitafuta chakula cha kununua. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, wenyeji waliishika mashua wakaiburura hadi nchi kavu, naye yumo ndani. Mtawala wao, Shekka, akajitenga na wazee kufanya shauri. Saa zikapita. Makasia yakachukuliwa, ngoma ikalia. Safeni akatumwa na vitambaa mkononi kuwapumbaza wenyeji huku wenzake wakiisukuma mashua majini. Kisha bunduki zikalia. Walitoroka wakipiga maji kwa mbao walizozing'oa ndani ya mashua.

Stanley aliyaita hayo hila na ushenzi. Mimi nayasoma vingine. Anayetaka kuua hahitaji kuchukua kasia, wala haketi kitako kutwa nzima kushauriana. Kumnyang'anya mgeni kasia ni kumzuia asiondoke kabla neno halijakatwa. Wahenga walinena, «Mgeni njoo, mwenyeji apone». Lakini mgeni mwenye bunduki, asiyejulikana katumwa na nani, mwenyeji ataponaje kwake? Shauri la Shekka lilikuwa swali hilo hilo.

Jibu lilikuja tarehe 4 Agosti mwaka ule ule. Stanley alirejea na mitumbwi iliyosheheni wapiganaji, wakiwamo Waganda, akawafyatulia risasi watu waliosimama ufuoni, akiwa majini mbali na mikuki yao. Barua zake mwenyewe zilipochapishwa magazetini mwaka 1876, zilizusha ghadhabu Uingereza. Henry Yule na H. M. Hyndman wakalifikisha suala hilo mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia. Lakini hata waliomlaumu walitegemea kalamu yake.

Hapo ndipo neno la tatu linapotuchoma. Wapagazi na mabaharia wa pwani waliitwa waungwana, yaani watu huru, wasio watumwa. Baadaye uungwana ukaja kumaanisha adabu, utu na kauli njema. Safeni alikuwa mwungwana kwa maana ya kwanza. Je, siku ile alipotumwa kunyoosha vitambaa kwa wenyeji, huku akijua mashua inasukumwa nyuma yake, maana ya pili ilimkaa vipi moyoni? Hakuacha andiko. Mwaka 1877, msafara ukikaribia mwisho wa mto Kongo, alirukwa na akili akaingia msituni, asionekane tena.

Vita vya Wajerumani pwani vilipata mshairi wake, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyevitungia utenzi kwa jicho la mwenyeji. Bumbire ilisimuliwa kwa Kiingereza cha aliyefyatua, ilhali amri zilizopigwa ndani ya mashua ile zilikuwa za Kiswahili. Lugha yetu ilikuwepo, na ilikuwa upande wa makasia yaliyokimbia. Kukiri hilo hakuipunguzii heshima; kunaipa deni.

Deni hilo ni la watunzi. Anayetaka kulilipa asianze na Stanley. Aanze ufuoni, pale wazee walipokuwa wangali wanashauriana, kabla ya ngoma kulia, na ampe Shekka beti za kutosha kumaliza shauri lake.