Chimbuko la sikukuu za kitaifa na sura zake jijini Nairobi

Kalenda ya Kenya ina sikukuu zaidi ya kumi, lakini Katiba, katika Kifungu cha 9, inazitambua tatu pekee kuwa siku za taifa: Madaraka, Juni 1, Mashujaa, Oktoba 20, na Jamhuri, Desemba 12. Nyinginezo, kama vile Mwaka Mpya, Pasaka, Leba Dei, Idd-ul-Fitr na Krismasi, zimo katika Sheria ya Sikukuu za Umma. Sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu huwa ya mapumziko.

Juni 1, 1963, Kenya ilipata serikali ya ndani naye Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Desemba 12 hubeba kumbukumbu mbili: uhuru kamili wa 1963 na kuundwa kwa Jamhuri mwaka mmoja baadaye. Bendera ya Uingereza iliteremshwa usiku wa manane katika bustani ya Uhuru Gardens, kando ya Barabara ya Lang'ata. Upande wa magharibi wa jiji, uwanja wa maonyesho wa Jamhuri Park ulioko Barabara ya Ngong una jina la siku hiyo hiyo.

Sikukuu yenye historia nzito zaidi ni ya Oktoba 20, nayo haikuzaliwa kwa ushindi bali kwa msiba. Jioni ya tarehe hiyo mwaka wa 1952, Gavana Evelyn Baring alitia sahihi amri ya hali ya hatari, na usiku huo polisi wakaanza kuwakamata viongozi wa chama cha KAU. Sita kati yao, Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng' Oneko, walishtakiwa mjini Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau. Aprili 8, 1953, walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Hali ya hatari yenyewe iliendelea hadi Januari 1960.

Baada ya uhuru, siku hiyo ya watu sita iliitwa Kenyatta Dei. Jina hilo liliwakera wengi, na haikuwa bila sababu. Kaggia alihitilafiana na Kenyatta kuhusu ugavi wa mashamba akahamia upinzani mwaka wa 1966. Oneko naye alitiwa kizuizini mwaka wa 1969, safari hii na serikali ya mwenzake wa Kapenguria, asiachiliwe hadi 1975. Ikawa taifa linasherehekea kukamatwa kwake ilhali yeye yuko korokoroni. Wapiganaji wa msituni nao waliendelea kuhesabiwa kuwa wafuasi wa kundi haramu, kwa maana marufuku ya Mau Mau iliyowekwa na wakoloni haikuondolewa hadi 2003.

Tangu wakati huo barabara za katikati ya jiji zimebadilika sura. Februari 18, 2007, miaka hamsini kamili baada ya Dedan Kimathi kunyongwa, Rais Mwai Kibaki alizindua sanamu yake katika barabara inayoitwa kwa jina lake. Katiba ya 2010 iliifanya Kenyatta Dei kuwa Mashujaa Dei, na Oktoba 20, 2011, sanamu ya Tom Mboya ikazinduliwa katika Moi Avenue, karibu na mahali alipouawa mwaka wa 1969. Katika sehemu ya Uhuru Park iitwayo Freedom Corner, mnara wa kuwakumbuka walioteswa na wakoloni ulizinduliwa Septemba 2015 kwa fedha za serikali ya Uingereza.

Moi Dei, Oktoba 10, haikutajwa katika Katiba hiyo ikaachwa kuadhimishwa. Novemba 2017, Mahakama Kuu iliamua kwamba siku hiyo ingalimo katika sheria, na mwaka uliofuata Wakenya wakapumzika tena. Baadaye iliitwa Utamaduni Dei, kisha mwaka wa 2024 ikawa Mazingira Dei, siku ya kupanda miti. Kwa hivyo majina ya marais wawili wa kwanza hayamo tena katika kalenda.

Tangu 2016 hafla kuu zimekuwa zikizungushwa katika kaunti, hivi kwamba mkazi wa Kangemi au Kawangware, ambaye zamani angeabiri matatu hadi Uhuru Park au Uwanja wa Nyayo, mara nyingi huzifuatilia kupitia runinga. Oneko, aliyekuwa wa mwisho kufariki kati ya wale sita, alikufa Juni 2007, miaka mitatu kabla ya siku yao kubadilishwa jina.